Kutoka Alizeti hadi Jasi: Kutabiri Kinachozaliwa Asidi Ikikutana na Besi

Mafuta ya alizeti yanayotoka kwenye mashine ya kukamua, iwe Singida mjini au Kiomboi, hubeba asidi hata kama ulimi hauionji. Mbegu ikivunwa na unyevu, au ikikaa ghalani muda mrefu, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta, na kila kipande kinachokatika ni molekuli ya asidi mafuta. Nyingi kati yake ni asidi oleiki na asidi linoleiki. Mafuta yenye asidi nyingi huchacha mapema, hufuka moshi kikaangoni kabla ya wakati wake, na hushuka bei. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu mafuta yaliyokamuliwa tu yawe na namba ya asidi isiyozidi 4. Yaliyosafishwa hayatakiwi kuzidi 0.6. Namba hiyo ni miligramu za potasiamu haidroksaidi zinazohitajika kumaliza asidi iliyomo katika gramu 1 ya mafuta. Ili kushuka kutoka 4 hadi chini ya 0.6, mojawapo ya njia kongwe za viwandani ni kuchanganya mafuta ghafi na maji ya kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi.

Hapo swali la darasani linageuka kuwa swali la mwenye kiwanda: nikitia kostiki kwenye mafuta haya nitapata nini, kiasi gani, na kitakwenda wapi?

Shuleni jibu hutolewa kwa sentensi moja: asidi na besi huzaa chumvi na maji. Sentensi hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na mwanafunzi wa kidato cha pili akiishika amepata pa kuanzia. Lakini haimwambii ni chumvi ipi, fomula yake ikoje, wala kama kweli maji yatapatikana. Ikikaririwa bila sababu yake, humwacha mwanafunzi pale pale anapoihitaji. Naamini sehemu kubwa ya hofu ya somo la kemia katika sekondari zetu inaanzia hapa, kwa sababu mtoto anaombwa kutabiri jambo ambalo hajaonyeshwa linavyotokea.

Tuanze basi na linavyotokea. Mswidi Svante Arrhenius, katika miaka ya 1880, alieleza kwamba asidi ikiwa ndani ya maji huachia ioni za haidrojeni, H⁺, nayo besi kama kostiki huachia ioni za haidroksaidi, OH⁻. Zikikutana, hizo mbili hushikana na kuwa maji. Ioni zilizobaki, ile iliyoachwa na asidi na ile iliyoachwa na besi, ndizo zinazoitwa chumvi, ziwe bado zinaelea majini au zimeganda. Kuna ushahidi mzuri wa jambo hili, na mwalimu mwenye kipimajoto anaweza kuuonyesha. Chukua asidi haidrokloriki na kostiki, kisha uchukue asidi naitriki na potasiamu haidroksaidi, upime joto linalotoka kila jozi ikichanganywa ikiwa imezimuliwa kwa maji. Asidi ni tofauti, besi ni tofauti, chumvi ni tofauti, lakini joto ni karibu lile lile: takriban kilojuli 57 kwa kila moli ya maji yanayoundwa. Linalingana kwa sababu tendo lenyewe ni moja katika visa vyote viwili, H⁺ kushikana na OH⁻. Sodiamu na kloridi hazikufanya lolote. Zilikuwepo tu.

Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Copenhagen na Thomas Lowry wa Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, waliupanua mtazamo huo: asidi ni kitu kinachotoa H⁺, na besi ni kitu kinachoipokea, iwe na OH⁻ au isiwe nayo. Tangu hapo anayetabiri huwa na maswali matatu tu. Nani anatoa? Nani anapokea? Wakishapeana, nini kimebaki kila upande?

Turudi kwenye mafuta. Asidi oleiki ina mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni, na mwishoni ina kundi la COOH. Haidrojeni iliyo kwenye COOH ndiyo inayoweza kutolewa. Zile nyingine thelathini na tatu zimeshikwa na kaboni na hazitoki kwa kostiki. Kwa hiyo molekuli moja ya asidi hii hutoa H⁺ moja, na kipande kimoja cha NaOH huipokea. Kinachobaki ni sodiamu oleeti na maji:

C₁₇H₃₃COOH + NaOH → C₁₇H₃₃COONa + H₂O

Sodiamu oleeti ni sabuni. Mwanakemia huiita chumvi kwa sababu imetokana na asidi na besi kama ilivyotokana ile ya mezani, ingawa huwezi kuitia kwenye mchuzi. Ndiyo maana kiwanda kinachosafisha mafuta kwa kostiki hutoa pembeni tope zito la sabuni iliyochanganyika na maji na mafuta kidogo. Asiyeujua mmenyuko huu ataliona kuwa uchafu uliotoka ndani ya alizeti. Ukweli ni kwamba tope hilo halikuwepo kabla ya kostiki kuingia. Limezaliwa ndani ya tangi, na lingeweza kuandikwa kwenye karatasi kabla hata gunia la kwanza la alizeti halijafika.

Na si jina lake tu linaloweza kuandikwa, hata uzito wake. Tuseme tuna kilo 1,000 za mafuta ghafi yenye asilimia 2 ya asidi huru, ikipimwa kama oleiki. Hicho ndicho kiasi kinacholingana na namba ya asidi karibu 4. Asidi ni kilo 20. Moli moja ya asidi oleiki ina gramu 282.5, na ya kostiki ina gramu 40. Zinakutana moli moja kwa moli moja. Kwa hiyo kostiki inayohitajika ni 20 mara 40, gawa kwa 282.5, yaani kilo 2.83. Sabuni itakayopatikana ni kama kilo 21.55, na maji kilo 1.27. Jumlisha pande zote mbili: 20 na 2.83 ni 22.83, 21.55 na 1.27 ni 22.82. Tofauti hiyo ndogo imetokana na kukata desimali. Hakuna kilichopotea.

Mtu anaweza kusema, basi tutie kostiki ya kutosha, kilo tano au sita, tuwe na uhakika. Viwandani huongeza kweli, lakini kidogo na kwa kipimo, kwani mafuta yenyewe, yale mazima ambayo hayajavunjika, nayo hushambuliwa na kostiki. Huo ni mmenyuko mwingine. Kostiki huyakata mafuta, ikatoa sabuni na gliserini, na hakuna maji yanayozaliwa. Ndiyo njia wanayotumia akina mama wajasiriamali wanaotengeneza sabuni ya mche majumbani. Sabuni inapatikana pande zote mbili, ila chanzo ni tofauti: upande mmoja tumeondoa asidi isiyotakiwa, upande wa pili tumeteketeza mafuta tuliyotaka kuuza. Ukiona sabuni pekee huwezi kujua ni ipi imetokea. Ukiuliza kama kuna gliserini, unajua.

Sasa tuhame kutoka kaskazini mwa mkoa wa Singida twende Itigi, kwenye reli ya kati, ambako huchimbwa jasi inayopelekwa kwenye viwanda vya saruji. Saruji isiyotiwa jasi huganda upesi mno, fundi hana muda wa kuisambaza. Kwa kemia, jasi ni kalsiamu salfeti iliyoshika molekuli mbili za maji: CaSO₄·2H₂O. Jasi ya ardhini haikutokea kwa mtu kumwaga asidi juu ya chokaa. Iliachwa na maji yenye chumvi yaliyokauka. Lakini ioni zake ni zile zile, na mtu anaweza kuipata kwa kuchanganya asidi salfuriki na chokaa iliyozimwa:

H₂SO₄ + Ca(OH)₂ → CaSO₄ + 2H₂O

Mfano huu naupenda kwa sababu unafundisha kuhesabu chaji, na hapo ndipo alama nyingi hupotea katika mitihani. Asidi salfuriki hutoa H⁺ mbili. Chokaa ina OH⁻ mbili. Kilichobaki upande wa asidi ni SO₄ yenye chaji mbili hasi, na upande wa besi ni Ca yenye chaji mbili chanya. Ioni moja kwa ioni moja, zinatoshana. Weka sasa kostiki mahali pa chokaa. Sodiamu ina chaji moja tu, hivyo salfeti moja inahitaji sodiamu mbili, na chumvi ni Na₂SO₄. Mwanafunzi anayeandika NaSO₄ hakukosa akili. Amekariri kwamba chumvi ni jina la besi likifuatiwa na jina la asidi, na hakuna aliyemsimamisha ahesabu. Akihesabu chaji kwanza, idadi ya kostiki (mbili) na idadi ya maji (mbili) hujileta zenyewe. Mizani ya mlinganyo huwa imekwisha kusawazishwa kabla hajaanza kuhangaika nayo.

Kiasi nacho hubadilisha jibu. Ukiipa H₂SO₄ kipande kimoja tu cha NaOH badala ya viwili, haidrojeni moja hubaki, na chumvi ni NaHSO₄, ambayo bado ni asidi kali kiasi. Swali lisilosema kiasi halijakamilika, na mwanafunzi anayeuliza kiasi ni mwanafunzi anayeelewa.

Mkulima wa Singida anao mfano wa hili kwenye mfuko wa mbolea. DAP hutengenezwa kwa asidi fosforiki na amonia. Asidi hiyo, H₃PO₄, ina haidrojeni tatu za kutoa. Amonia, NH₃, haina OH⁻ hata moja, lakini hupokea H⁺ na kuwa amoniamu, NH₄⁺. Katika DAP amonia mbili zimepokea H⁺ mbili, ya tatu imebaki mahali pake:

H₃PO₄ + 2NH₃ → (NH₄)₂HPO₄

Hiyo H iliyosalia katikati ya fomula ni kumbukumbu ya kile ambacho asidi haikutoa. Tazama pia upande wa kulia: hakuna maji. Ni hivyo hivyo kwa SA, yaani amoniamu salfeti, mbolea inayotokana na amonia mbili na asidi salfuriki moja. Chumvi imepatikana, maji hayakupatikana. Anayetegemea ile sentensi ya darasani ataongeza H₂O kwa mazoea na mlinganyo hautasawazika kamwe. Anayeuliza nani ametoa na nani amepokea ataona mwenyewe kwamba amonia haikuwa na OH⁻ ya kutengenezea maji.

Kuna upande wa pili ambako kinazaliwa kitu cha ziada. Magadi yanayotiwa kwenye mlenda, katika nyumba za Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti. Yote mawili ni besi. Ukiyatonesha kwenye maziwa mgando, yenye asidi laktiki, au kwenye maji ya ukwaju, yenye asidi tartariki, utaona mapovu. Kaboneti imepokea H⁺ mbili ikawa asidi kaboniki, H₂CO₃, na asidi hiyo haikai; huvunjika kuwa maji na hewa ya ukaa. Kwa maziwa mgando mlinganyo ni huu:

Na₂CO₃ + 2CH₃CH(OH)COOH → 2CH₃CH(OH)COONa + H₂O + CO₂

Fanya jaribio hili kinyume na kawaida, asidi ikiingia tone kwa tone ndani ya maji yenye magadi mengi huku unakoroga, na utaona jambo linalowashangaza hata walimu: mwanzoni mapovu ni machache sana. Matone ya kwanza hutoa H⁺ inayogeuza kaboneti kuwa baikaboneti, na baikaboneti inaweza kukaa majini. Kaboneti ikiisha ndipo H⁺ inapoanza kuiangukia baikaboneti, hewa ikatoka kwa wingi. Mmenyuko ulikuwa ukiendelea muda wote. Jicho ndilo lilichelewa kuuona. Kwa hiyo kukosa mapovu si ushahidi kwamba asidi na besi hazijakutana.

Chokaa ya kupaka ukutani iko kwenye ukoo huu pia. Hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye unyevu wa ukuta ni asidi dhaifu, nayo chokaa iliyozimwa ni besi. Siku zinavyopita hugeuka kalsiamu kaboneti na maji, ndiyo sababu ukuta mpya hukauka ukawa mgumu na vidole havichafuki tena.

Jambo moja linalohitaji uangalifu ni fikra kwamba asidi na besi zikitoshana, kinachobaki hakina ukali wa upande wowote. Ni kweli pale ambapo wote wawili ni wakali, kama asidi haidrokloriki na kostiki. Lakini sabuni yetu ya sodiamu oleeti, hata kama kostiki ilipimwa kwa usahihi kabisa, ikiyeyuka majini huonyesha ubesi. Asidi oleiki ni dhaifu, haiachii H⁺ yake kwa urahisi, na ioni iliyobaki huitamani H⁺ hiyo kiasi cha kuinyang'anya molekuli ya maji, ikaacha OH⁻ nyuma. Mikono inayokauka baada ya kufua kutwa nzima inalijua hili. Amoniamu salfeti hutenda kinyume: amonia ni besi dhaifu, kwa hiyo maji ya SA yana uasidi kidogo. Shambani uasidi huongezeka zaidi, maana bakteria wa udongo huigeuza amoniamu kuwa naitreti na kuachia H⁺ katika safari hiyo. Mkulima anayetia SA mwaka baada ya mwaka bila kupima udongo anaweza kuishusha pH yake bila kuona chochote kwa macho.

Hata katika kupima, hili lina uzito. Mwanafunzi anayepima asidi dhaifu kama ya siki kwa kostiki hutumia finofthalini, inayogeuka waridi upande wa besi, kwa kuwa hapo ndipo asidi inapokwisha. Akitumia methili ya chungwa, rangi itabadilika kabla asidi haijaisha, na hesabu yote inayofuata itakuwa ya uongo hata kama mikono yake haikutetemeka. Chumvi itakayozaliwa ndiyo inayoamua rangi ya kutumia, kwa hiyo kutabiri kunakuja kabla ya kupima. Shule isiyo na viashiria hivyo inaweza kujifunzia kwa rozela ile ile inayouzwa kama juisi: nyekundu kwenye asidi, ikielekea zambarau na kisha kijani besi inapozidi. Haitafaa kwa kipimo cha mtihani, lakini inaonyesha kwamba kuna njia kati ya ncha mbili.

Niongeze tahadhari kuhusu nyuki, kwa kuwa Manyoni na Itigi ni nchi ya asali. Vitabu vingi vya shule husema sumu ya nyuki ni asidi, kwa hiyo ipakwe magadi iishe. Mlinganyo unaoandikwa hapo unaweza kuwa sahihi kabisa na bado maelezo yakawa na kasoro, kwa sababu maumivu makubwa ya nyuki huletwa na protini, hasa melitini, si uasidi wa tone lile dogo. Isitoshe, sumu imeshapita chini ya ngozi, magadi yako juu yake. Kinachosaidia ni kuutoa mwiba haraka. Kujua kitakachozaliwa ni jambo moja, na kujua kama ndicho kilichokuwa kinaumiza ni jambo lingine.

Tumalizie kwenye lile tope la sabuni, kwa sababu linaonyesha kwamba mwelekeo wa mmenyuko nao hutabirika. Viwanda vingi duniani havilitupi. Huliongezea asidi salfuriki. Hapo kuna asidi mbili zinazoshindania sodiamu moja, ile ya mafuta iliyo dhaifu na salfuriki iliyo kali. Mkali hutoa H⁺, na mabaki ya mnyonge huipokea:

2C₁₇H₃₃COONa + H₂SO₄ → 2C₁₇H₃₃COOH + Na₂SO₄

Asidi mafuta imerudi kama ilivyokuwa, inaelea juu na kuchotwa, ikauzwa kwa watengeneza sabuni. Chini hubaki maji yenye sodiamu salfeti na asidi salfuriki iliyozidi. Kabla ya kuyaachia, asidi hiyo huzimwa, mara nyingi kwa chokaa. Kwa maswali yale matatu msomaji anaweza sasa kuandika mwenyewe kitakachozaliwa: kalsiamu salfeti, ambayo haiyeyuki sana, ikazama chini ikiwa na maji yake mawili. Ni jasi, sawa na ya Itigi.

Sodiamu salfeti haizami. Inayeyuka vizuri mno, na chokaa iliyozima asidi haikuiondoa. Karatasi ya pH itaonyesha 7, mkaguzi ataridhika, na chumvi itakuwa bado imo. Mahali penye mto unaofika baharini hilo huenda lisiwe na uzito mkubwa. Singidani na Kindai, maziwa yanayopakana na mji wa Singida, hayana mto unaotoka. Maji huondoka kwa kuwa mvuke tu, na kila chumvi iliyowahi kuingia humo, kutoka kwenye mawe au kutoka kwa watu, hubaki. Kwa hiyo anayepanga kiwanda katika bonde kama hili inambidi aandike mlinganyo wote, hadi ile ioni ya mwisho isiyofanya lolote, kisha aseme itakaa wapi.